Manesi wanalalamika hata Uingereza, ila sio kama sisi

Kuna watu nyumbani Kenya wanadhani sisi manesi tuliokuja Uingereza tunausifu mfumo wa huku kutwa kucha. Kaeni na manesi wa NHS, mfumo wa afya wa umma wa huku, wakati wa chai muwasikie, wagonjwa wanalazwa kwenye korido, zamu za masaa 12, Desemba 2022 chama chao cha RCN kikaitisha mgomo mkubwa kuliko wowote kwenye historia yake. Wamechoka kweli.

Lakini huku zamu ikiwa na watu pungufu naingia kwenye kompyuta najaza ripoti, tulikuwa wangapi, wagonjwa wangapi, nani alichelewa kupata dawa na kwa nini. Mara nyingi hatuongezwi mtu, hilo nakubali, ila imeandikwa kwamba tatizo ni uhaba sio uzembe wangu. Kule nyumbani usiku uko peke yako wodi nzima, glavu zimeisha, unamwandikia mtu dripu akamnunulie mamake nje, akirudi amekasirika nani anatukanwa? Nesi, maana ndiye yuko mbele yake. Na tangu 2013 afya ilipoenda kaunti, mshahara ukichelewa gavana anasema pesa haijatoka Nairobi, Nairobi nao wanakurudisha kwa gavana.

Halafu ikija migomo mnasema tamaa ya pesa. 2017 madaktari walirudi kazini baada ya siku 100, Juni manesi nao wakatoka wakakaa miezi mitano nje. 2024 madaktari tena siku 56, na kati ya madai ni ule ule mkataba wa mishahara waliosaini na serikali 2017, intern, yaani daktari aliye mafunzoni, alipwe shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kumpa 70,000! Kama karatasi iliyosainiwa inahitaji mgomo mwingine ndo itekelezwe, mfanyakazi ataamini nini tena?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba 2021 serikali hizi mbili zilisaini makubaliano manesi wa Kenya waje huku, ati kwa sababu kuna wengi wamesoma hawana ajira, na wodi zetu za nyumbani hazina manesi jamani.

Mi naona kaunti zianze na kitu kidogo tu, kila zamu upungufu uandikwe hata kama ni kwenye daftari, watu wangapi, dawa gani hakuna, na kila mwezi wabunge wa kaunti wasomewe kabla hawajapitisha bajeti yoyote.