Kuku Aliyeatamia Windows

Shemeji yangu ni mtu mpole, hana ugomvi na mtu, mpaka umtajie Linux, ule mfumo wa kompyuta ulio mshindani wa Windows. Hapo sauti hupanda. Alirudi kutoka Dubai, alikokuwa akilinda maduka, na sanduku la chokoleti, kanzu mpya na mashine ya gemu ya mkononi yenye Windows 11. Chokoleti alizigawa siku ileile aliyofika. Mashine hakuna aliyeruhusiwa kuigusa kabla ya kunawa.

Mimi ni fundi wa simu na kompyuta Arua. Nina Steam Deck, nayo ni mashine ya gemu ya mkononi, niliyonunua kwa mtu aliyekuwa anatafuta ada ya watoto. Kona moja imekwaruzika na kitufe kimoja kinanata. Ndani yake kuna mfumo uitwao SteamOS, nao ni Linux, ya ukoo unaoitwa Arch. Kwa shemeji, hilo lilikuwa jambo la kuitishia kikao cha familia.

Tulikuwa tumekaa kwenye basi Kampala, tunaelekea harusi ya upande wao, tunasubiri basi lijae.

"Shemeji," akaanza, "gemu zimetengenezwa kwa ajili ya Windows. Wewe unakwenda kuzichezea wapi? Kwa jirani?"

Nikamwambia jirani siku hizi ana funguo. Mwaka 2018 Valve, kampuni yenye Steam Deck, walitoa Proton, programu inayolichukua gemu la Windows na kugeuza maagizo yake, yale ya kuchora picha kwa lugha ya Windows, Direct3D, yakawa ya Vulkan, Linux ikayaelewa. Steam Deck ilipotoka 2022 ilisimama juu ya hiyo Proton, na leo maelfu ya gemu yanakimbia bila mchezaji kujua nini kimepita chini. Nikaongeza kwamba mwaka 2025 Lenovo waliiuza mashine yao ya mkononi, Legion Go S, kwa namna mbili, moja ya Windows na nyingine ya SteamOS. Wenye viwanda wenyewe hawajakubaliana, sembuse sisi.

"Hiyo nyingine Windows ziliwaishia," akasema.

Sasa, basi la West Nile, yaani la kwetu Arua, hupakia Walugbara, Waalur, Wakakwa, Wanubi na mfanyabiashara mmoja wa Kikongo ambaye hakosekani. Ubishi ukiutia Kiswahili, umewaalika wote. Ndivyo alivyoingia mzee wa kiti cha nyuma, mwanajeshi mstaafu, fimbo mkononi.

"Nyinyi vijana. Hizo vitu mbili, ipi iko na nguvu?"

"Yangu, afande," tukajibu pamoja.

Kosa la kumwita mstaafu afande ni kwamba anarudi kazini. Papo hapo akajiteua jaji. Akatangaza: mtacheza mpaka Bombo, mkifika Bombo mtalaza mashine zote mbili, mtaziamsha Karuma. Itakayotangulia kufunga goli ndiyo yenye nguvu. Atakayeshindwa atanunua samaki Pakwach. Aliposema samaki, Hajjati aliyekuwa ng'ambo ya njia na kuku wake kwenye tenga akasogea karibu, na yule Mkongo akazima redio yake.

Shemeji akatabasamu. Alijua jambo ambalo afande hakulijua. "Basi tucheze gemu jipya la mpira," akasema, "lile la mwaka huu."

Nilipinga palepale. Ule mpira una programu ya kuzuia udanganyifu inayoingia hadi kwenye kiini cha mfumo, na haiitambui Linux. Unabonyeza, unangoja, unarudishwa ulikotoka. Na si huo peke yake. Valorant haifunguki kwenye Linux, na Apex Legends, iliyokuwa ikifunguka, iliufunga mlango huo mwaka 2024. Proton inaweza kugeuza maagizo yote ya gemu, lakini mlinzi akikataa, amekataa.

Afande akafikiri. "Hiyo ni roadibuloku," akasema. "Askari amesimama, wewe huna kitambulisho."

"Ndiyo, afande."

"Roadibuloku ni halali." Shemeji akapiga makofi. "Lakini," afande akainua fimbo, "kuna njia za panya. Wewe uko na mpira mwingine?"

Nilikuwa nao, mpira wa zamani, wa kabla walinzi hawajazaliwa. Afande akauruhusu. Shemeji akakata rufaa, akaambiwa mahakama hii haina ghorofa ya pili.

Kabla hatujatoka Kampala, shemeji alifungua hotspoti ya simu ili mashine yake iingie kwenye akaunti ya gemu. Alikuwa na bando kubwa, amelinunua kwa ajili ya kupigiana simu na wakwe kuhusu mahari, mahema na masufuria. Hotspoti haikufungwa tena. Liweke hilo akilini.

Mpaka Bombo alinizidi mabao, kila mtu kwenye mashine yake, sina haja ya kuficha. Picha yake ilikuwa safi, wachezaji wana jasho usoni. Wangu wana nyuso za viazi. Bombo tukalaza mashine. Mimi nikaitia yangu mfukoni mwa koti. Yeye akaifunga yake kwa taulo, akaiweka ndani ya begi la safari, akafunga zipu, akalisukuma chini ya kiti na kulala usingizi wa mtu aliyeshinda.

Hapa acha nieleze kidogo, kwa sababu hili ndilo linaloniletea wateja. Steam Deck ukiilaza, inalala. Windows 11 kwenye mashine nyingi za siku hizi hulala jicho moja wazi: inaweza kuamka yenyewe kuangalia mtandao, kuvuta apdeti, kisha ilale tena. Si kila mara inakosea. Lakini ikikosea ikiwa mezani, utaona taa tu. Ikikosea ikiwa ndani ya begi lililofungwa zipu, kwenye taulo, chini ya kiti, na hotspoti ya bure pembeni, ni habari nyingine.

Migyera tulinunua muchomo, yaani nyama choma, na gonja, ndizi za kuchoma. Kafu tukaipita. Karibu na Bweyale Hajjati akapiga ukelele.

"Kuku wangu!"

Tenga lilikuwa wazi, kamba ya miguuni imelegea. Basi zima likainama. Watu walitafuta chini ya viti, nyuma ya magunia, ndani ya robota la magodoro. Kondakta akamshuku Mkongo, Mkongo akamshuku dereva. Afande akaamuru madirisha yafungwe asije akatoroka. Mtoto mmoja ndiye aliyemwona.

Kuku alikuwa amekaa juu ya begi la shemeji. Hakusimama, alikaa hasa: kifua kimeshuka, mabawa yametanda, macho nusu. Shemeji akanyoosha mkono amtoe. Kuku akamdonoa. Akanyoosha mwingine, akadonolewa huo pia.

"Mwache!" Hajjati akamkaripia. "Huyo amekuwa akitafuta mahali pa kuatamia tangu juzi. Umeweka nini humo?"

Nikagusa ubavu wa begi. Lilikuwa la moto. Ndani feni ilikuwa inanguruma.

"Windows," nikasema.

Tukafika Karuma kuku bado yuko kazini. Nje, nyani wa pale wamekaa kando ya barabara wanatutazama, nadhani walituonea huruma. Afande akaita: "Amsheni!" Mimi nikabonyeza kitufe, nikavuta pumzi, mpira ukarudi palepale tulipouacha, mchezaji wangu ameshika mpira anataka kuurusha. Shemeji naye alikuwa anabembelezana na kuku kwa kipande cha gonja. Hajjati mwenyewe ndiye aliyemwinua, na chini yake kulikuwa na yai.

Taulo lilipofunguliwa, mashine ilikuwa na betri ya kuaga. Skrini ikasema inaandaa apdeti, usizime. Kisha ikazimika yenyewe. Sekunde hiyohiyo simu ya shemeji ikaleta ujumbe kwamba bando limekwisha.

Basi lilishangilia kana kwamba Uganda Cranes wamefuzu. Lakini sharti lilikuwa goli, na afande alikuwa mtu wa sheria. Akadai alifunge mwenyewe, kama shahidi huru. Nikampa mashine. Akaishika kama usukani, akabonyeza kila kilichobonyezeka, pamoja na kile kinachonata, akapokonya mpira, akageuka, akakimbia nao uwanja mzima na kuutia kwenye nyavu. Nyavu zetu.

"Goli!" afande akanguruma.

"Amejifunga!" shemeji akaruka. "Hilo halihesabiki!"

Kesi ikaanza upya mpaka karibu na Pakwach. Mkongo alitoa hoja nzuri sana kwamba sharti lilisema kufunga, halikusema upande gani. Hajjati naye alitoa hoja kwamba ana njaa. Mwishowe afande akasimama, akashika kiti, akasoma hukumu: Linux imeamka, imefunga, imeshinda. Windows haikufika uwanjani, ilikuwa uzazini. Shemeji alipe samaki.

Akalipa, pamoja na ya kondakta, ambaye hakuwemo kwenye dau lolote. Kisha kondakta, mdomo umejaa, akauliza yai ni la nani, maana alikata tiketi ya mzigo wa kuku, hakukata ya yai. Afande akaamua: yai ni la Hajjati, joto ni la shemeji, kondakta atulie.

Mimi bado nasema vilevile ninavyowaambia wateja dukani. Kama usiku wako wote ni kupigana na watu mtandaoni kwenye gemu zenye walinzi, baki na Windows, usijisumbue. Kama unacheza peke yako, unazima na kuwasha, umeme wa kubahatisha, njoo huku. Shemeji hataki kusikia. Tangu Pakwach hadi Nebbi alikuwa anatoa unyoya kwenye feni kwa kijiti cha kibiriti, huku akinieleza kwamba tatizo lilikuwa taulo.

Hajjati alishuka Nebbi. Mguu mmoja nje, akageuka na kumuuliza shemeji kwa adabu kubwa anarudi Kampala lini, kwa sababu nyumbani ana wengine wawili wanaosumbua kuatamia.