Gauss wa kukariri: hesabu au maabara kwenye somo la umeme na sumaku?

Mpe swali hili mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyepata A kwenye umeme na sumaku. Boksi tupu la karatasi ngumu, si la chuma, limewekwa karibu na mpira wenye chaji, mpira uko nje. Ndani ya boksi hamna chaji, kwa hiyo kwa kanuni ya Gauss, inayosema fluksi kupitia uso uliofungwa hutegemea chaji iliyo ndani tu, fluksi yote, yaani mistari ya uga inayotoka ukiondoa inayoingia, ni sifuri. Je, uga wenyewe ndani ya boksi nao ni sifuri?

Nimelirusha swali hili kwenye diskasheni mara nyingi, na wengi hujibu ndiyo bila hata kusita. Jibu ni hapana. Mistari inaingia upande huu na kutokea upande ule, hesabu inafutana, lakini uga upo. Kijana huyohuyo ukimpa tufe lenye chaji akutafutie uga kwa umbali fulani, anamaliza kwa mistari minne ya hesabu.

Ndiyo maana kila matokeo yakibandikwa, malumbano yaleyale huanza upya. Kuna wanaosema hesabu imezidi: mtoto anatoka na PCM yake (fizikia, kemia na hesabu) kidato cha sita, na kabla hajashika sumaku mkononi ameshatupiwa integrali za uso na kalkulasi ya vekta. Akila sapu, yaani akirudia mtihani, anaambiwa hajapiga msuli. Na kuna wanaosema ukiondoa hesabu hiyo, kinachobaki ni fizikia ya kidato cha nne iliyopewa jina refu.

Wa hesabu wana hoja nzito kuliko wanavyoijenga wenyewe. Chukua kapasita, yaani bamba mbili za kutunza chaji zilizotenganishwa, inayochajiwa. Mkondo unapita kwenye waya, ila katikati ya bamba mbili hakuna chaji inayovuka. Kanuni ya Ampère, inayotoa uga wa sumaku kutokana na mkondo unaopita kwenye uso, kama ilivyokuwa inakupa jibu moja ukichora uso unaokatwa na waya. Ukiuvuta uso huohuo kama puto mpaka upite katikati ya bamba, inakupa jibu jingine. Uga wa sumaku ni mmoja, majibu mawili. Kilichokosekana ni mchango wa uga wa umeme unaobadilika, na mwanafizikia James Clerk Maxwell aliuongeza mwanzoni mwa miaka ya 1860. (Tunavyosimulia darasani utadhani aliukuta kwenye kapasita. Yeye alifika kwa kuwaza vizingo vinavyozunguka angani kama gia, picha ambayo leo hakuna anayeifundisha.) Kipengele hicho kilipoingia, milinganyo ikatoa wimbi lenye kasi inayokaribiana na ya mwanga. Wimbi hilo Heinrich Hertz alikuja kulizalisha na kulipima maabara kuanzia 1887, Maxwell akiwa ameshafariki miaka minane nyuma. Kalamu ilitangulia meza ya majaribio, na ilitangulia kwa mbali.

Hata hivyo, historia hiyohiyo inawapa wa maabara silaha. Namba iliyomwezesha Maxwell kulinganisha na kasi ya mwanga haikutoka kwenye milinganyo. Wilhelm Weber na Rudolf Kohlrausch waliipata mwaka 1856 kwa kupima chaji ileile kwa njia mbili, ya umeme tuli na ya sumaku. Na Maxwell mwenyewe alieleza mwaka 1873 kwamba kabla ya kusoma hesabu yoyote ya umeme aliamua kwanza kumaliza maandishi ya majaribio ya Michael Faraday, mwanagenzi wa zamani wa jalada za vitabu ambaye hesabu hakuijua. Ushahidi mzuri, ila tusiunyooshe kupita kiasi: aliyeanza na Faraday alikuwa ameshika nafasi ya pili kwenye mtihani wa hesabu wa Cambridge mwaka 1854. Vijana wetu wa mwaka wa kwanza hawaanzi na mtaji huo.

Upande wa maabara mimi umenigusa kwa sufuria. Mimi na kikundi cha wanafunzi tulifungua diski kuu ya kompyuta mbovu tukatoa sumaku yake, ndogo lakini kali kiasi cha kubana kidole. Tukainamisha mfuniko mnene wa sufuria ya aluminiamu, tukaiachia sumaku iteleze. Kwenye ubao wa mbao ulioinamishwa hivyohivyo ilikuwa imeshuka vuup! Kwenye mfuniko ilishuka taratibu, kama mtu anayepita kwenye tope. Msichana mmoja akaigeuza, akajaribu tena, akanusa mfuniko kana kwamba umepakwa kitu. Aluminiamu haivutwi na sumaku, hilo walilijua tangu shule ya msingi. Ikabidi waseme wenyewe kwamba sumaku ikitembea inazalisha mikondo ndani ya mfuniko, mikondo inapinga mwendo, na nishati inaishia kuwa joto. Alama ile ya kutoa kwenye kanuni ya Faraday, inayosema umeme unaozalishwa hupinga badiliko lililouzalisha, ambayo wengi huisahau kwenye karatasi ya majibu, siku hiyo ilionekana kwa macho.

Lakini mfuniko uliishia hapo. Mmoja aliuliza, je, sumaku ikiwa na nguvu mara mbili, itashuka polepole kiasi gani? Hapo hakuna kuteleza tena, ni kalamu na karatasi: mkondo unaongezeka mara mbili, na uga unaoukamata mkondo huo nao ni mara mbili, kwa hiyo kizuizi ni mara nne kwa kasi ileile.

Huko Marekani, chuo kikuu cha teknolojia cha MIT walilivalia njuga suala hili mwanzoni mwa miaka ya 2000. Somo lao la mwaka wa kwanza la umeme na sumaku walilitoa kwenye ukumbi wa mihadhara wakaliweka kwenye meza za vikundi, zenye vifaa na picha za uga kwenye kompyuta. Vipimo vya kabla na baada vilionyesha uelewa umepanda kuliko kwa mihadhara. Wanafunzi je? Mwaka 2003 walikusanya saini kuupinga mpango wenyewe. Kwa hiyo anayedhani kijana atafurahia akiondolewa mhadhara, afikiri tena. Na gharama za vyumba vile si za kuzungumzia huku kwetu.

Mimi lawama naipeleka kwingine: kwenye karatasi ya mtihani. Kanuni ya Gauss ni kweli siku zote, ila kwa kutafuta uga inasaidia pale tu penye ulinganifu, na kwa mwanafunzi hiyo ni tufe, silinda na bamba. Fungua paspepa za miaka kadhaa utawakuta hao watatu wakipokezana. Mwanafunzi anayekusanya madesa na kumeza hayo matatu si mvivu, anajua soko linataka nini. Ukimjengea maabara ya mamilioni ukamtungia swali lilelile, atapita maabara kama mgeni na kurudi kwenye desa. Ratiba nayo ina dhambi yake, maana kalkulasi ya vekta mara nyingi inafundishwa muhula uleule inapohitajika, na mwalimu wa fizikia anajikuta akiifundisha upya kwa dakika ishirini. Hilo ni la kupangua muhula, halihitaji bajeti.

Swali ninalolitaka kwenye karatasi ni la aina hii. Waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita 1 ya mraba unapitisha ampea 1. Tafuta kasi ya wastani ya elektroni kuelekea upande mmoja, kisha eleza kwa nini taa huwaka ukibonyeza swichi tu. Hesabu inatoa kama milimita 0.0735 kwa sekunde, yaani elektroni inahitaji karibu saa 3 na dakika 47 kumaliza mita moja. Sehemu ya pili haina fomula: ni uga unaotangulia, elektroni zilikuwa zimeshajaa waya mzima.

Nililitoa kwenye kikundi kimoja. Waliandika Kiingereza kwenye daftari, wakabishana Kiswahili mezani, na aliyekuwa wa kwanza kupata namba aliirudia mara tatu akidhani amekosea desimali.