Gari Langu Lina Akili Kunizidi

Kama umewahi kukaa kwenye foleni ya Mwenge saa moja asubuhi, ndani ya gari linalotetemeka kama mtu mwenye malaria, sogea hapa tulie wote. Kama hujawahi, kaa pembeni na usitucheke.

Toyota IST yangu ilianza taratibu. Likiwa linatembea halina neno, nashuka milima ya Goba huku naimba. Shida nikisimama kwenye mataa: dudududu! Tasbihi niliyoning'iniza kwenye kioo inajihesabu yenyewe. Siku moja muuza karanga aliegesha sinia lake kwenye boneti ili anipe chenji, karanga zikaanza kujipepeta, maganda huku, karanga kule. Akanitazama kwa huruma. "Bro, hilo linataka maunti."

Nikaenda kubadilisha maunti, yaani zile raba zinazoishikilia injini. Ndiyo, kwa ushauri wa muuza karanga. Dar es Salaam kila mtu ni fundi, na mimi ni mteja wa wote.

Maunti mpya, mtetemo ule ule. Fundi akasema plagi. Tukaweka plagi. Akasema koili. Nikaenda Gerezani, Kariakoo, nikauziwa koili "ya kutoka Japani" ambayo ilikuwa imeandikwa namba ya simu kwa mkorogo wa rangi nyeupe, sijui ya Mjapani gani. Mtetemo upo. Fundi mwingine akaweka bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho kama anasikiliza habari za saa mbili. Alipofumbua: "Bosi, hii ni gia boksi." Gari limesimama! Gia iko kwenye N! Gia boksi imeingiaje hapa?

Halafu ile taa ya njano yenye picha ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Fundi wa gia boksi akafungua terminali ya betri, akaenda kunywa chai na chapati mbili kwa hela yangu, akarudi akaifunga. Taa imezimika. "Umeona?" Nikatoa elfu ishirini. Ilikaa imezimika mpaka Makongo. Kesho yake nikampata mwingine, huyu angalau mkweli, akasema kuitibu ni gharama, ila ana kipande cha solotepu nyeusi cha kuizibia. Elfu tano tu.

Aliyeniokoa ni shemeji yangu, aliyekuja na kijana mmoja mwembamba, hana hata ovaroli. Akachomeka kidude cha ukubwa wa kiberiti chini ya usukani, akafungua simu yake. Ikasoma P0011.

"Anko, kamshafti ya kuingiza hewa imetangulia kuliko inavyotakiwa."

"Imetangulia kwenda wapi?"

Akacheka. Akanionyesha mfuniko wa injini. "Hapa pameandikwa nini?"

"VVT-i."

"Maana yake?"

Ndugu zangu, nina gari hili mwaka wa sita. Nilidhani ni mapambo tu, kama vile watu wanavyoandika "Mungu Mkubwa" nyuma ya bajaji.

Kijana akaniambia chukulia daladala. Kila silinda ina milango: wa kupandia, ambao ni valvu za kuingiza hewa na mafuta, na wa kushukia, valvu za kutoa moshi. IST ina silinda nne na valvu kumi na sita. Konda wa kufungua na kufunga hiyo milango ni kamshafti, inayozungushwa na mnyororo kutoka kwenye kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja. Kwa hiyo injini ikiwa mizunguko 3000 kwa dakika, kila valvu inafunguka mara 1500, yaani mara 25 kwa sekunde moja. Nikafikiria konda wetu wa Goba anayeshindwa kufungua mlango mmoja mpaka upigwe teke.

"Sasa anko, saa kumi na moja jioni pale Kariakoo, konda anafanyaje?"

Hilo nalijua. Gari halijasimama, mlango uko wazi. Wa kushuka hawajaisha, wa kupanda wameshaingia, na wengine wamepitia dirishani. Na gari linajaa haraka kweli.

"Ndivyo injini inavyotaka ikiwa inafanya kazi. Mlango wa kupandia ufunguliwe mapema, moshi unapotoka kwa kasi uivute hewa mpya nyuma yake. Lakini saa nane mchana, gari tupu, halina haraka?"

Hapo ukifungua mapema unaharibu. Wanaoshuka wanajikuta wanasukumana na mlango usio wao. Injini ikiwa inanguruma tu kwenye mataa, moshi unarudi kwenye njia ya hewa safi, silinda zinavuta uchafu wao wenyewe, moto mara unashika, mara unakosa. Dudududu. Karanga zinapepetwa.

Injini za zamani zilikuwa na konda mmoja mwenye ratiba moja, asubuhi hiyo hiyo, usiku hiyo hiyo. Ukimtaka mzuri wa mwendo, kwenye foleni anakutesa. Alfa Romeo waliuza gari lenye uwezo wa kubadilisha ratiba hiyo tangu 1980. Honda wakaja na VTEC mwaka 1989, wao wanabadilisha hata kimo cha mlango kufunguka. Toyota mwaka 1991 walikuwa na VVT, yaani ratiba ya valvu inayobadilika, yenye ratiba mbili tu, na miaka michache baadaye ikaja hii ya VVT-i, inayosogeza kidogo kidogo muda wote gari likiwa njiani. Ile i ya mwisho, kijana anasema, inasimamia akili. Yaani gari limeandikwa kabisa kwamba lina akili, mwenye gari hajaandikwa popote.

Nikamuuliza, anayesogeza ni nani? Umeme?

"Oili, anko."

Hapo ndipo nilipoanza kutokwa na jasho. Miaka yote najua kazi ya oili ni kulainisha, kama mafuta ya nazi miguuni. Kumbe gia iliyo mbele ya kamshafti ina vyumba ndani, na kwenye vyumba kuna mapanga yaliyoshikana na kamshafti. Oili ikisukumwa upande huu, kamshafti inatangulia kidogo mbele ya mnyororo. Ikisukumwa upande ule, inarudi nyuma. Kontroli boksi, kompyuta ya injini, inasikiliza sensa za kranki na kamshafti, halafu inakiamuru kivalvu kimoja cha umeme kipeleke oili upande gani.

"Oili ulimwaga lini?"

Mwanaume wa Dar ukimuuliza habari za oili ni kama umemuuliza mchango wa harusi. Anajibu huku anaangalia pembeni.

"Juzi juzi."

Juzi juzi yenyewe ilikuwa kabla ya Ramadhani, na Ramadhani yenyewe siyo ya mwaka huu. Na oili yenyewe ilikuwa ya kupima, nzito kama asali, nilimiminiwa kwenye chupa ya maji na jamaa anayehudumia malori. Kwamba injini hii inataka oili nyepesi ya 5W-30 niliona imeandikwa kwenye kitabu, lakini kitabu kiko kwa Kijapani na mimi nilikitumia kuegemeza meza.

Kijana akafungua boliti moja pembeni ya silinda hedi. Akatoa kichujio kidogo, wavu wenye ukubwa wa ncha ya kidole cha mwisho. Ule si wavu tena. Ulikuwa umegandamana na kitu cheusi, laini, kinachong'aa, kama masizi ya sufuria yaliyochanganywa na uji. Akakibonyeza, kikanyooka uzi. Akachomoa na kile kivalvu, akakitia umeme wa betri, tukasubiri kibofye. Kimya. Kimenata na uchafu, kimelala upande wa kufungulia mapema. Konda wangu anafungua mlango wa saa kumi na moja, mchana kutwa.

Akavisugua kwa petroli na mswaki (mswaki wangu wa safari, lakini hatugombani), kivalvu kikaanza kubofya. Oili mpya, filta mpya. Nikapiga hesabu ya maunti, plagi, koili, chapati na solotepu nikaacha katikati, maana mama watoto alikuwa amesimama dirishani.

Jumatatu nikashuka Goba naimba. Mataa ya Mwenge nikasimama. Kimya. Hakuna dudududu, tasbihi imetulia tuli. Nikajua tayari, limezimika, nyuma yangu honi zimeanza. Nikazungusha ufunguo. KRRRRRR! Barabara nzima ikageuka.

Muuza karanga akaja mbio kugonga kioo.

"Bro, gari linawaka hilo!"