Ripoti ya haki za binadamu isiyofika kwenye fomu ya kodi

Kila mwaka Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa ripoti za haki za binadamu kwa nchi karibu 200. Kazi hiyo ilianza miaka ya 1970, Bunge la nchi hiyo lilipoamua kwamba serikali inayotesa raia wake isipewe msaada hivi hivi. Humo husomeka nani amefia mahabusu, gazeti gani limefungwa, nani amechukuliwa usiku na hajaonekana tena. Ninaziheshimu ripoti hizo. Kinachoniuma ni kwamba zikishatolewa huishia kabatini, na fedha huendelea na safari yake.

Fedha za misaada ni sehemu tu. Mimi nazungumzia kodi ya mapato. Kampuni ya Marekani ikichimba mafuta ng'ambo hulipa kodi kwa serikali ya huko, kisha kodi hiyo hukatwa, hadi kiwango kilichowekwa, kwenye deni lake la kodi nyumbani. Nia ni njema: pato moja lisitozwe mara mbili. Lakini dikteta anapokusanya, Hazina ya Marekani ndiyo inayosamehe.

Njia ya kuzuia hilo ilishajaribiwa. Mwaka 1986 Bunge la Marekani liliiwekea Afrika Kusini vikwazo kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, likipindua kura ya turufu ya Rais Reagan. Mwaka uliofuata Charles Rangel, mbunge wa Harlem, alifanikisha kipengele kimoja kwenye sheria ya bajeti: kodi iliyolipwa Pretoria, yaani kwa serikali ya Afrika Kusini, isipate tena nafuu hiyo ya kukatwa kwenye kodi ya nyumbani.

Tufanye hesabu. Faida ni dola 100, Pretoria inachukua 50. Zamani Marekani, yenye kiwango cha asilimia 34, isingedai kitu, maana 50 zimeshapita 34. Chini ya kipengele cha Rangel zile 50 ni gharama tu. Zilizobaki zinatozwa asilimia 34, yaani dola 17, na kampuni inaondoka na 33. Mobil, kampuni ya mafuta ya Marekani iliyokuwa imestahimili miaka ya shinikizo la wanaharakati, mwaka 1989 iliuza shughuli zake kwa Gencor na kuilalamikia sheria hiyo waziwazi.

Ni kweli, mitambo ilibaki palepale na Gencor ni kampuni ya huko huko. Ubaguzi haukuangushwa na fomu ya kodi. Uliangushwa na watu waliofungwa, waliopigwa risasi, waliogoma. Hata hivyo walipa kodi wa Marekani waliacha kuubeba ubaguzi ule mabegani mwao, na hilo kwangu si dogo.

Tena kipengele kile kilifungwa kwenye masharti yaliyoandikwa kwenye sheria ya vikwazo: Mandela na wafungwa wa kisiasa waachiwe, hali ya hatari iondolewe, vyama viruhusiwe. Hapo ndipo ninaposisitiza. Ripoti hazifai kuachiwa uamuzi peke yake, kwa sababu anayeziandika anaweza kuzipunguza. Zile za mwaka 2024, zilizotoka Agosti 2025, zilikatwa sana, na maeneo mazima yaliyozoeleka yakaondolewa. Sheria itaje yenyewe matendo, kama mauaji ya raia na kuteka watu wasionekane tena, na njia ya serikali husika kujinasua iwe wazi kwa kila mtu.

Leo nafuu hiyo hunyimwa kodi zinazolipwa kwa nchi ambazo Marekani haizitambui, haina nazo uhusiano wa kibalozi, au inasema zinafadhili ugaidi. Kutesa raia hakumo. Chukua Fomu 1116, ambayo mtu binafsi hujaza kudai kodi aliyolipa nje. Kuna kisanduku chenye herufi e kwa ajili ya nchi hizo, Iran na Korea Kaskazini zikiwemo. Serikali nyingine, hata iliyojaza kurasa za ripoti kwa majina ya waliouawa, kodi yake huandikwa kwenye visanduku vya kawaida, pamoja na ya Uswisi.