Kila mtu na ukweli wake: kauli inayozima mjadala kijiweni

Mzee alikuwa siku ya tisa wodini kwa ugonjwa wa moyo, na daktari alishaonya asipelekewe habari za kumshtua. Siku ya sita mwanawe alifariki kwa ajali ya pikipiki barabara ya Morogoro. Familia ikazika, ikakaa matanga, na kila jioni waliokuwa zamu ya kumpelekea uji walivua kanga za msiba, wakanawa uso bombani karibu na geti, wakaingia wakisema nyumbani wote wazima. Aliyetuletea habari hiyo kijiweni ni fundi cherehani, jirani yao. Alishika kikombe bila kunywa, akauliza: "Sasa hawa watu wanasema uongo au hawasemi?"

Kijiwe chenyewe kiko Magomeni: mwarobaini, mabenchi mawili, jiko la mkaa lenye dele juu yake, kashata kwenye sinia. Kwa kawaida tunabishana mpira. Jioni ile tulifanya falsafa, ingawa angetokea mtu akaiita hivyo tungemcheka.

Mwalimu mstaafu hakusubiri. Uongo ni uongo, alisema, hata ukiupaka asali. Dereva wa daladala akamkatiza: "Mwalimu, wale wanamwonea imani mzee wao. Ulitaka wamuue?" Mlokole mmoja akakumbusha wakunga wa Kiebrania katika kitabu cha Kutoka, Shifra na Pua, waliomdanganya Farao ili kuwanusuru watoto wa kiume, na Mungu akawatendea mema. Fundi, ambaye ni Mwislamu, akataja hadithi iliyomo katika Sahih Muslim kuhusu mahali ambapo maneno yasiyo kweli yameruhusiwa: vitani, kwenye kupatanisha waliogombana, na baina ya mume na mke. Wodini hamkutajwa, akajisahihisha mwenyewe, labda kwa kufananisha. Mjadala ukaanza kunoga. Ndipo kijana wa bodaboda, aliyekuwa amezama kwenye simu, akainua kichwa: "Wazee wangu, kila mtu na ukweli wake." Mtu akaitikia, "Hapo umemaliza." Tukahamia bei ya petroli.

Hakumaliza kitu. Lakini kauli ile haipendwi bure, na si haki kuipuuza kabla ya kuisikiliza.

Pale benchini wanakaa Waislamu, Walutheri, walokole, Msabato mmoja, na watu wawili au watatu ambao wakibanwa huenda kwa mganga na hawasemi. Kila mmoja akiamua kwamba leo lazima ashinde, kesho hakuna kijiwe. Wenye umri wa kukumbuka mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990, Biblia na Kurani zikishindanishwa viwanjani kwa vipaza sauti, wanajua ushindi wa hoja unavyoweza kumgharimu mtu jirani yake. Mwaka 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa hapa hapa Dar es Salaam. Ukitoka kwenye kumbukumbu kama hizo, "kila mtu na ukweli wake" inasikika kama mtu anayezima jiko kabla nyumba haijashika moto. Ni adabu, na adabu si kitu kidogo mahali ambapo watu wanashirikiana kisima, harusi na kaburi.

Ina hata watetezi wasomi. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, aliyefariki mwaka 2022, aliwahi kuandika kwamba ukweli si kitu kingine ila maoni. Ukiisikia hivi hivi utadhani alikuwa amekaa nasi pale Magomeni. Alichokuwa akikipinga ni ile tabia ya mtu kusimama na kudai anauona ukweli kutoka mahali pasipo na mtu, kana kwamba yeye hana macho wala hana pa kusimama. Kila anayesema "hii ni kweli" anasema kutoka alipo, baada ya kuchunguza kwa akili aliyonayo, na anaweza kukosea. Maoni kwa Wiredu hayakuwa kubahatisha. Yalikuwa hukumu iliyofikiwa kwa uchunguzi na iliyo tayari kuchunguzwa tena. Hata hivyo Mkenya Henry Odera Oruka, yule wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyewafuata wazee vijijini kuwahoji kama wanafalsafa kamili, alimpinga, akishikilia kwamba ukweli na maoni ni vitu viwili. Nami hapo nasimama na Oruka, kwa sababu nyepesi: kama ukweli ni maoni tu, basi neno "nilikosea" linakuwa halina maana. Ningekuwa nimebadili maoni, basi, kama mtu anavyobadili shati.

Na sisi wenyewe hatuiamini kauli yetu. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga iliifunga Simba mabao 5 kwa 1. Mwaka 2012 Simba iliifunga Yanga 5 kwa 0. Mtafute shabiki yeyote wa kijiwe, umwambie kwamba kuhusu matokeo hayo kila mtu na ukweli wake, uone utakavyofukuzwa. Tutabishana hadi usiku kama refa alikuwa mzuri, kama kocha alikosea kikosi, kama zile tano za juzi zinafuta zile tano za zamani. Mabao yenyewe hayabishaniwi. Kwa hiyo tunajua vizuri sana tofauti ya kilichotokea na tunavyokionja. Inakuwaje basi tukifika kwenye dini na maadili tunaisahau?

Nadhani lugha ina mkono wake hapa, na silaumu lugha. Tazama neno alilotumia dereva: wanamwonea imani. Kwa Kiswahili imani ni kusadiki, na papo hapo imani ni huruma. Tukisema "yule mama hana imani" mara nyingi hatusemi habari za kanisa wala msikiti. Tunasema anampiga mtoto wa kambo. Shina la neno hilo, la Kiarabu, ndilo lililotupa amana, amani na uaminifu. Kuamini katika kinywa chetu kumekaa karibu sana na kumkabidhi mtu mali yako. Haki na hakika nazo zimetoka tumbo moja. Na mkweli ni sifa ya mtu kabla ya kuwa sifa ya sentensi.

Faida yake ni kubwa: hatuwezi kuzungumzia imani kama jambo la kichwani tu lisilogusa namna unavyoishi na mwenzako. Hasara yake ni kwamba ukimwambia mtu "unachoamini si kweli," yeye anasikia "wewe si mwaminifu," au hata "huna utu." Ndiyo maana tunakimbilia kauli ya kupoza. Tunachotaka kusema ni "kila mtu na imani yake," ambayo ni kweli tupu, kisha ulimi unateleza unasema "ukweli wake." Neno moja tu limebadilika, lakini la kwanza linamheshimu mtu, la pili linafuta swali lake.

Kufutwa kwa swali kuna bei, na si sisi wa kwenye benchi tunaoilipa. Usukumani, kwa miaka mingi, vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya kuaminiwa kuwa wachawi, na alama mojawapo iliyotumika ni macho mekundu. Bibi aliyepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kikavu maisha yake yote, ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho yake yatakuwaje? Hapo pana madai kuhusu ulimwengu: wekundu huu umetokana na uchawi, au umetokana na moshi. Madai hayo hayawezi kuwa sahihi yote mawili kwa heshima ya pande zote. Mauaji ya watu wenye ualbino yalikuwa na mzizi wa namna hiyo hiyo, na Januari 2015 serikali ya Tanzania ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli chonganishi. Hakuna waziri aliyesimama kusema wapiga ramli nao wana ukweli wao.

Nilipoutoa mfano huu kijiweni wiki iliyofuata nilijiona nimeshinda. Kijana wa bodaboda akanirudisha chini. "Kaka," alisema, "na huyo aliyeshika panga, yeye alisema kila mtu na ukweli wake? Yeye alikuwa na uhakika." Sikuwa na jibu la haraka, na bado naona ndiyo hoja bora niliyoisikia kwenye mjadala wote. Muuaji wa kikongwe hakuwa na shaka hata chembe. Kama angekuwa na shaka, hata robo, bibi angeamka kesho yake kuwasha moto. Kwa hiyo anayetetea ukweli mmoja akumbuke kwamba wanaoua kwa ajili ya ukweli huwa wanauita mmoja pia.

Hapo ndipo Wiredu anarudi, na ninampokea kwa nusu. Shaka inayotufaa ni ile ya kujishuku mwenyewe: huenda nimekosea, nionyeshe. Sentensi hiyo haina maana yoyote bila kukubali kwamba kuna kitu cha kukosea. Kijana na mimi, kumbe, tulikuwa tunaogopa mtu yule yule mwenye panga. Yeye anataka kumnyang'anya uhakika. Mimi nataka aonyeshwe moshi. Kwangu dawa ya kijana peke yake haitoshi, kwa sababu mtu asiyejali ukweli hana haja ya kusikiliza ushahidi pia. Lakini dawa yangu bila ya kwake hainyweki.

Kuhusu maadili tulibishana kidogo tu, na mengi yalikuwa kurudia. Mwalimu alidai bila dini hakuna ambaye angejua kuiba ni vibaya. Swali la zamani: Mgiriki Plato alimweka Sokrates alizungumze, na huko Basra karne ya tisa na ya kumi Mu'tazila, kundi la wanateolojia wa Kiislamu, walishika kwamba akili yenyewe inaweza kulitambua jema na baya, wakati Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyekuwa mwenzao kisha akawaacha, alishika kwamba jema ni lile aliloamrisha Mungu. Madrasa nyingi za pwani yetu zimelelewa upande wa al-Ash'ari, hata kama wanaosoma humo hawamtaji. Mimi nilichoona ni kwamba pale benchini, wenye vitabu tofauti wote walikasirika sawasawa siku simu ya muuza kahawa ilipoibwa. Hilo linaelekeza upande wa Mu'tazila, ingawa halithibitishi: huenda vitabu vyetu vimefundisha jambo moja, basi. Na tukitoka kwenye wizi tukaingia kwenye pombe, makubaliano yanaishia hapo.

Turudi kwa mzee. Mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant, katika insha ya mwaka 1797 akimjibu mwandishi Benjamin Constant, alisema hata muuaji akigonga mlango kuuliza kama rafiki yako yumo ndani, huna haki ya kumdanganya. Mwalimu angependezwa naye. Mimi siwezi kufika huko. Anayemficha mkimbizi chini ya uvungu akasema "hayumo" hajaniibia chochote, na muuaji naye sioni alichoibiwa. Ila familia ile haikuwa inamficha mzee kwa muuaji. Ilikuwa inamficha mzee mwanawe. Hoja ya daktari ina uzito, siku tisa za moyo dhaifu si mchezo, na ningekuwa mimi ningenyamaza pia, angalau wiki ya kwanza. Lakini kunyamaza ni kitu kimoja. Kusema "anakusalimu sana, yuko safarini" ni kingine, na inasemekana wiki ya pili walifika huko. Kila salamu ya uongo ilihitaji nyingine ya kuishikilia. Na jambo moja halikuwa na pande mbili hata kidogo: mtoto alikuwa amefariki, mzee ajue asijue, tukubaliane tusikubaliane. Tulichokuwa tunabishania ni nani anadaiwa habari hiyo, na lini.

Fundi alisema hoja ambayo hatukuipa nafasi kwa sababu hakuipandishia sauti. Kwa mila za nyumbani kwao baba ndiye atiaye udongo wa kwanza. Wakimficha, wamempokonya hilo milele, hata wakimlinda moyo. Dereva akajibu baba akifa hatatia udongo wa mtu yeyote. Wote wawili walikuwa na haki, na hapa sisemi hivyo kwa adabu.

Familia ilimwomba mwalimu aende kumwambia, kwa kuwa ni rika la mzee na walisoma pamoja. Alikwenda Ijumaa alasiri, amevaa koti. Aliporudi tulimsogezea nafasi, akamiminiwa kahawa, akakaa nayo mpaka ikapoa. Kisha akasema hakuwahi kufungua mdomo. Alipoketi tu kando ya kitanda, mzee alimwuliza, "Wamemzika wapi?"