Jimbo la maziwa, yote mawili

Mpwa wangu aliyeko Mwanza akinipigia simu huanza na swali moja: "Shikamoo mjomba, huko bado baridi?" Ni kweli, huku Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, kuna baridi. Februari 1996, katika mji mdogo wa Tower, kipimo kilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri. Lakini nimechoka kusikia jimbo zima likielezwa kwa kipimajoto. Mimi mgeni ningemwanzishia na maji.

Jina lenyewe ni maji. Limetoka kwa Wadakota, wenyeji wa asili wa huku: Mni Sota, maji yenye rangi ya mawingu au ya mbingu, inategemea umemuuliza nani. Wenyewe hujiita jimbo la maziwa 10,000, na hapo wamejipunja: ukihesabu yenye ekari 10 na kuendelea, yako 11,842. Halafu, kana kwamba walitusikia Waswahili, mwaka 1984 wakatangaza kinywaji rasmi cha jimbo kuwa maziwa, haya ya ng'ombe. Nimewahi kuwaeleza wenzangu kazini utani huo kwa Kiingereza. Haukufika popote.

Sisi wa Mwanza tumekua tukijivunia ziwa letu. Victoria ndilo kubwa kuliko yote Afrika, na la pili duniani kwa eneo kati ya maziwa ya maji baridi. Basi la kwanza ni hili Superior, linalogusa kona ya kaskazini-mashariki ya Minnesota: kilomita za mraba 82,000 hivi, kwa 68,800 zetu. Siku ya kwanza niliyosimama Duluth, mji wa bandari kwenye ziwa hilo, nilitazama mashariki nisione mwisho, nikakubali yaishe. Meli za mita 300 zilikuwa zinapita chini ya daraja linalonyanyuliwa, kwenda kupakia punje za chuma ukubwa wa gololi. Chuma hicho hutoka milima ya Mesabi, iliyolisha viwanda vya Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mawe yenye chuma kingi yalipopungua wakajifunza kusaga yale magumu yenye chuma kidogo, na ndiyo hizo gololi.

Kule Ziwa Itasca nilivua viatu nikavuka Mississippi kwa miguu. Mto huo mkubwa unatoka ziwani kama mfereji wa shambani, umepangiwa mawe ya kukanyagia, maji hayakunifika magoti. Kutoka hapo una kama kilomita 3,700 kufika Ghuba ya Meksiko. Mwaka 1783, Waingereza na Wamarekani walipopatana mipaka, hakuna aliyejua chanzo hicho kiko wapi. Wakaandika kwamba mpaka uende magharibi kutoka Ziwa la Woods hadi ukutane na mto. Mto haukuwepo, uko kusini huko. Marekebisho yaliyofuata yameacha kipande cha Minnesota kiitwacho Northwest Angle: ukienda kwa gari, lazima uingie Kanada kwanza ndipo urudi Marekani.

Minneapolis nayo ilijengwa na maporomoko ya mto huo huo, yaliyozungusha vinu vya unga. Mwaka 1878 vumbi la unga lililipua kinu kimoja, watu 18 wakafa, na bado mji ukaja kuongoza nchi kwa unga hadi karibu 1930. Siku hizi fedha ziko kwingine: hospitali ya Mayo kule Rochester, makao makuu ya kampuni za Target na 3M, na bata mzinga wengi kuliko jimbo lolote.

Kuna na mpunga unaoota ziwani wenyewe. Waojibwe, wenyeji wengine wa asili, wanauita manoomin. Wawili hupanda mtumbwi, mmoja anasukuma kwa upondo, mwenzake anainamisha mashuke kwa kijiti na kuyapiga taratibu kwa kingine. Punje nyingine huanguka mtumbwini, nyingine majini, ndiyo mbegu ya mwakani. Ukipikwa ni mweusi na una harufu ya moshi. Msiutafutie biriani.

Sasa bendera, maana jimbo limeibadili. Ya zamani ilibeba nembo ya mkulima mzungu akilima, bunduki ikiwa kando yake, na Mhindi Mwekundu juu ya farasi akielekea machweo, kana kwamba kaaga kwa heri. Hakuaga. Malipo ya ardhi yao yalichelewa, njaa ikaingia, Wadakota wakapigana mwaka 1862, na Desemba 26 wanaume 38 wakanyongwa kwa pamoja mjini Mankato. Mwaka uliofuata wengi wa waliobaki wakafukuzwa jimboni. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba kubadili bendera ni kufuta historia, nauliza ni ipi. Picha ile ndiyo iliyofuta.

Mpya ilianza Mei 11, 2024, siku ile ile Minnesota ilipokuwa jimbo la 32 mwaka 1858. Buluu nzito yenye umbo la jimbo, nyota nyeupe ya kaskazini yenye ncha nane, halafu buluu ya maji. Basi. Mtoto wa chekechea anaichora.

Jirani yangu mmoja bado anapeperusha ya zamani. Theluji na jua vimeipausha. Ukiwa barabarani humwoni tena mkulima wala farasi, unaona duara tu.