Mizimu ya Nyanda za Juu Kusini kwenye mchezo wa mezani: nini kiingie, nini kibaki nje

Kikundi chetu cha michezo ya mezani hapa Mbeya kimegawanyika pande mbili, na naona mgawanyiko wenyewe unastahili kujadiliwa na wengi zaidi ya sisi tunaokaa kwenye meza hiyo. Tunatengeneza mchezo wetu wa kuigiza, wa aina ile ambayo mmoja anakuwa msimamizi wa hadithi, wengine kila mtu anashika mhusika wake, na dadu inaamua pale jambo linapoweza kwenda huku au kule. Hadithi inatokea leo, Mbeya hii ya bajaji, mitandao ya simu na malori yanayokwenda Tunduma. Upande mmoja unataka viumbe wa ajabu wa mchezo watoke kwenye masimulizi ya Wanyakyusa, Wasafwa, Wakinga na Wahehe. Upande wa pili unasema hayo tuyaache kama yalivyo, tuchukue viumbe wa Ulaya ambao hapa hakuna anayewaogopa wala kuwatambikia.

Mimi niko upande wa kwanza, lakini kwa masharti. Masharti hayo nimeyapata kwa kuwasikiliza wa upande wa pili.

Michezo ya namna hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, na mwanzoni ilikuwa ya mashujaa wa panga na mazimwi ya mapangoni. Kufikia miaka ya 1990 wabunifu wa huko walikuwa wamechukua wale viumbe wa visa vya Ireland na Scotland, wanaosimuliwa kuishi chini ya vilima, na kuwahamishia kwenye miji ya leo, katikati ya baa na vituo vya treni. Sababu ya kupendwa kwao inaeleweka. Visa vyao vimejaa masharti: usile chakula chao, usiwape jina lako, chuma kinawadhuru, ukiwaahidi kitu watakudai vile vile ulivyotamka. Mbunifu wa mchezo anachotafuta ni masharti, maana mchezo bila masharti ni porojo tu. Hapa amepewa bure.

Kwa hiyo kishawishi cha kwanza kwetu ni kubadilisha majina na kuacha masharti yabaki. Kiumbe wa Ireland anaitwa mzimu wa Rungwe, kilima kinakuwa Loleza, mlima wetu wa hapa Mbeya, basi, kazi imekwisha. Tukifanya hivyo tutakuwa tumeharibu pande zote mbili.

Chukua hilo sharti la chuma. Pale Ndolezi, Mbozi, kuna kimondo kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 12, ambacho habari zake ziliwafikia wanasayansi mwaka 1930, na karibu chote ni chuma chenye nikeli. Ukipanda juu Ukinga unakuta historia ya wahunzi waliofua majembe yaliyouzwa mbali na kwao. Majembe ya Kikinga yalikuwa sehemu ya yale yaliyopelekwa Lubaga, kwenye msitu wa matambiko ya Lwembe, mkubwa wa kale wa Wanyakyusa, ambako machifu wa Kinyakyusa na wa Kikinga walishiriki. Katika nchi hii chuma kilikuwa zawadi ya kupeleka kwa wakubwa wa kale. Mchezo unaosema mizimu ya Rungwe inakimbia msumari ni mchezo uliotungwa na mtu ambaye hakuuliza.

La chakula ndilo linalonivutia zaidi. Huko Ireland hatari ni kula: ukionja mkate wa walio chini ya kilima, hurudi nyumbani. Unyakyusa hatari iko upande wa pili kabisa, nayo ni kula peke yako. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika kwa kirefu juu ya imani kwamba uchawi unatokana na chatu aliye tumboni mwa mtu, na kwamba chatu huyo anatamani nyama na maziwa. Waliandika pia juu ya walinzi wa kijiji wenye nguvu hiyo hiyo, lakini wao wanaitumia kwa ajili ya wote. Na mtu akivunja heshima, akimtukana baba mkwe au akichinja bila kuwakumbuka majirani, manung'uniko yao yanamfikia kama pumzi ya baridi. Anashikwa na homa. Anapona akikiri na kuwalisha watu.

Tumejaribu kuligeuza hilo kuwa kanuni, na meza ikabadilika. Kanuni yenyewe ni nyepesi. Mhusika akipata kitu kizuri akakificha, tuseme amepewa mguu wa ng'ombe na ndugu yake wa Uyole akaupitisha uani usiku, msimamizi anahesabu majirani waliojua. Kwa kila aliyejua anadondosha punje moja ya maharage kwenye kisahani katikati ya meza. Haongei kitu. Kila asubuhi ya hadithi mwenye nyama anarusha dadu, ya kawaida tu, ile ya ludo, na ikitoka namba isiyozidi idadi ya punje, homa imempata. Punje haziondolewi kwa fedha wala kwa silaha. Zinaondolewa kwa kuwaita majirani, kuwalisha, na kila mmoja kutamka kinyongo chake waziwazi, kisha mzee apulize maji kuonyesha kwamba yamekwisha. Kwa kuwa hadithi ni ya leo, manung'uniko yanapita pia kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa: umeandika "habari za asubuhi", watu wote wameusoma ujumbe, hakuna aliyejibu. Msimamizi anadondosha punje nyingine.

Sijaona kanuni ya kigeni inayowafanya wachezaji wakae kimya wakitazama kisahani namna ile. Inafanya kazi kwa sababu kila mtu mezani anajua uchungu wa kununiwa na mtaa.

Hata swali linalosumbua michezo mingi ya aina hii, kwamba hawa wahusika wamekutanaje na kwa nini hawaachani, kwetu lina jibu tayari. Wavulana wa Kinyakyusa wa zamani, wakifika umri wa miaka kama 10, walijenga kijiji chao cha rika pembeni ya cha wazazi, wakalala huko, na wakati wa kula wakapita pamoja nyumbani kwa mama wa huyu na mama wa yule. Kundi la wachezaji ni rika. Wenye kulijua hilo hawahitaji kubuni kikao cha kukutania kwenye baa.

Sasa upande wa pili, na nausema kwa uzito wake wote.

Nyanda za Juu Kusini ni nchi ya makanisa. Wamoravian na Walutheri walifika Unyakyusa mwaka 1891, na leo wapo pia Wakatoliki na Wapentekoste kila kona. Kwa wazazi wengi mizimu ni jambo walilolikataa kwa kiapo, na kijana kulirudisha mezani kwa jina la mchezo ni kulikaribisha ndani ya nyumba. Wapo wanaojibu kwamba hofu kama hiyo ilitokea Marekani, ambako mwaka 1983 kilianzishwa hata chama cha kupinga michezo hii kwa madai ya ushetani, na baadaye ikatulia. Jibu hilo halinitoshi. Kule waligombana juu ya pepo waliobuniwa na kampuni. Hapa tunagusa kitu ambacho jirani anakiamini kweli, pengine amekipigania kwenye maombi mwaka mzima. Huwezi kumwambia ni dadu tu.

Hoja nzito kuliko zote ni ya damu. Mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto waliuawa Njombe, na imani za kishirikina zikatajwa kuwa chanzo. Vikongwe wamewahi kuuawa nchini kwa kushukiwa uchawi, watu wenye ualbino wamewindwa. Mchezo ambao wachezaji wanatafuta dalili, wanamtambua mchawi, wanamshinda na kupewa pointi, unafundisha vidole kunyoosha. Hakuna ucheshi wala ubunifu unaoweza kuufanya uwe salama katika mkoa ambao mama fulani bado anaulizwa kwa nini macho yake ni mekundu.

Ila wanaotumia hoja hii kutaka viumbe wa Ulaya wamesahau, au hawajaambiwa, hao viumbe walikuwa nani kwao. Machi 1895, Tipperary, Ireland, mwanamke aitwaye Bridget Cleary, mwenye umri wa miaka 26, aliteswa na kuchomwa moto na mumewe Michael mbele ya ndugu. Mumewe alisisitiza kwamba mke wake halisi amechukuliwa na viumbe wa vilimani, na aliyebaki ni kiumbe aliyewekwa badala yake. Alihukumiwa miaka 20 kwa kuua bila kukusudia. Wenye kisa hicho ni watu waliojua masharti yote niliyoyataja: chakula, chuma, kubadilishwa kwa mtu. Viumbe hao wanaonekana wapole kwetu kwa sababu tu waliouawa kwa ajili yao hawakuzikwa kwenye makaburi yetu. Kwa hiyo kuagiza kutoka nje hakutuepushi na swali la madhara, kunatuficha tusilione.

Kuna na suala la wenyewe. Jina Kyala leo ndilo jina la Mungu kwenye Biblia na nyimbo za Kinyakyusa, lakini kabla ya wamisionari lilikuwa la mkubwa wa kale aliyetambikiwa kwenye pango karibu na Ziwa Nyasa. Mbunifu atakayemfanya Kyala kuwa mhusika wa kupigana naye atawaudhi waumini na watunza mila kwa pigo moja. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, naye si mzuka. Alijiua Julai 1898 akikataa kushikwa na Wajerumani, fuvu lake likarudishwa Kalenga mwaka 1954, na uzao wake upo Iringa. Mmoja wetu alipendekeza pia pepo wa Mlima Nyoka, mwingine wa Kitonga, kwa kuwa ajali za huko zinajulikana nchi nzima. Nilipinga na nitaendelea kupinga: kuna watu mitaani kwetu waliozika ndugu waliofia kwenye miteremko ile.

Wanaoogopa kwamba tukipunguza hivyo hakitabaki kitu, wafike Masoko, Rungwe. Wajerumani walikuwa na boma kando ya ziwa lile la kreta, na wenyeji wanasimulia juu ya fedha na silaha walizozitupa majini kabla ya kuondoka. Hayo ni masimulizi yaliyomeza vita ya dunia nzima na bado yanakua. Ziwa Ngosi lipo, Kijungu kipo kule mto Kiwira unakopotelea miambani, Daraja la Mungu, lile la mwamba wa asili juu ya mto huo huo, lipo. Masimulizi ya huku hayajawahi kukaa tuli yakisubiri kuhifadhiwa. Na ukweli unaoniuma ni kwamba vijana tunaocheza nao wanajua risasi ya fedha inamuua nani, lakini jina la Lwembe wengi wao wamelisikia kwa mara ya kwanza kwenye meza yetu.

Ninachopendekeza kiandikwe kwenye kanuni ni hiki. Masharti yachukuliwe kwa ukamilifu: pumzi ya majirani, rika, deni la chakula, kukiri na kupuliza maji. Sehemu zenye matambiko au makaburi zisitajwe kwa majina. Msimamizi abuni kilima chake na ziwa lake. Karatasi ya mhusika isiwe na nafasi ya kuandika mchawi, na hadithi yoyote inayoanza na ugonjwa iishie kwenye deni lililosahaulika, isiishie kwa mtu aliyekamatwa. Mezani iwepo kadi ambayo yeyote akiigusa jambo linaloendelea linaachwa bila maswali, kama wanavyofanya wachezaji wa nchi nyingine. Na kabla ya kuchapa, rasimu isomwe na wazee wa Rungwe pamoja na mchungaji mmoja asiyekubaliana nasi, wote wakiwa na haki ya kufuta. Wenzangu wa upande wa kwanza wanalalamika juu ya kipengele hicho cha mwisho. Mimi bila hicho sitaweka jina langu kwenye mchezo huu.